Kipima gesi kinaandika sifuri: nani amehakikisha kama kinasema kweli?

Mufanyakazi anashusha kifaa kidogo ndani ya fosi kwa kamba, anangoja kidogo, kisha anakivuta. Kwenye kioo kuko sifuri. "Iko muzuri, tushuke," anasema. Swali ambalo watu wachache wanauliza ni hili: ile sifuri inatoka wapi? Inaweza kutoka kwenye hewa safi. Inaweza pia kutoka kwenye kihisi kilichokufa tangu miezi mitatu. Kwa macho, sifuri hizo mbili zinafanana kabisa.

Vipima gesi vinazidi kuonekana katika majimbo ya mashariki: kwenye machimbo, kwenye viwanda vya pombe, kwa watu wanaochota fosi, na kando ya Ziwa Kivu. Kununua kifaa ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili, ambayo wengi wanairuka, ni kukisawazisha: kukipa gesi ambayo kipimo chake kinajulikana na kuangalia kama kinasoma sawasawa. Mafundi wengi wanaita kazi hiyo kalibraji. Isipofanyika, kifaa kinaweza kuwa hatari kuliko kukosa kifaa, maana mutu asiye na kipima anaogopa shimo, lakini mutu mwenye kipima cha uongo anashuka bila woga.

MUFANO WA BALANSI YA SOKO

Kila mama anayenunua maharagi sokoni anajua kama balansi inaweza kudanganya. Balansi inaweza kuwa na rangi nzuri na mushale unaocheza, lakini kilo yake ikawa gramu mia nane. Dawa yake ni moja: kuweka juu yake jiwe la kilo ambalo kila mutu analikubali. Mushale ukifika kwenye moja, balansi ni ya kweli. Usipofika, balansi inarekebishwa ao inatupwa.

Kwa kipima gesi, jiwe la kilo ni chupa ndogo ya gesi ya kusawazisha. Ndani yake kuko gesi iliyochanganywa kiwandani kwa vipimo vinavyoandikwa kwenye karatasi ya chupa. Chupa ikisema 100 na kipima kinasoma 100, kazi inaweza kuanza. Kikisoma 60, ni kusema tangu siku fulani isiyojulikana kinapunguza hatari mbele ya macho ya wafanyakazi.

VITU VINE VINAVYOPIMWA, NA KIMOJA KINACHOSAHAULIKA

Vipima vingi vya kubeba vinapima vitu vine.

Oksijeni. Hewa safi iko na oksijeni asilimia 20.9. Kwa kawaida kifaa kinapiga kelele ikishuka chini ya 19.5, na pia ikipanda juu ya 23.5, kwa sababu oksijeni nyingi inafanya vitu viwake haraka sana. Chupa ya oksijeni ya kuchomelea inayovuja ndani ya chumba inaweza kuleta hatari hiyo.

Gesi zinazowaka, kama metani. Metani inaweza kulipuka ikifika karibu asilimia 5 ya hewa, mpaka karibu asilimia 15. Kwenye kioo utaona herufi LEL, ao LIE kwa Kifaransa. Maana yake ni kiwango cha chini cha kulipuka. Hapa watu wengi wanakosea: namba 10 kwenye LEL haiko asilimia 10 ya hewa. Ni sehemu ya kumi ya njia inayoenda kwenye mulipuko, yaani asilimia 0.5 ya metani ndani ya hewa. Kwa kawaida kelele ya kwanza inawekwa pale.

Monoksidi ya kaboni, CO. Inatoka kwenye grupu, kwenye motopompi iliyoshushwa ndani ya shimo, na kwenye makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa. Haina harufu, haina rangi. Vipima vingi vinapigia kelele kwenye 35 ppm, maana yake sehemu 35 ndani ya sehemu milioni moja za hewa.

Sulfidi ya hidrojeni, H2S. Ni gesi ya fosi, vyoo na mabomba ya maji machafu. Ikiwa kidogo inanuka kama yai lililooza. Lakini ikifika karibu 100 ppm inaua nguvu ya pua, na mutu anafikiri imekwisha kumbe imeongezeka. Kelele nyingi zimewekwa kwenye 10 ppm.

Kitu cha tano, ambacho vifaa vingi vya kawaida havipimi, ni gesi kaboniki, CO2. Kwa wakaaji wa Goma na Sake, hiyo njo gesi ya mazuku.

MAZUKU: PALE KIPIMA CHA KAWAIDA KINACHELEWA

Mazuku ni mabonde na mashimo ambamo gesi kaboniki inatoka ardhini na kulala chini, kwa sababu ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu. Yanajulikana sana upande wa magharibi ya Goma, kuelekea Mugunga, Bulengo na Sake. Usiku na asubuhi mapema, wakati kuko baridi na upepo haupigi, gesi inajikusanya zaidi. Mbuzi, mbwa na watoto wanapatwa haraka kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi.

Watu wengine wanafikiri kipima cha gesi nne kitawalinda pale kwa kuonyesha upungufu wa oksijeni. Hesabu inaonyesha kinyume. Gesi kaboniki ikiingia hewani kwa asilimia 5, oksijeni inashuka kutoka 20.9 mpaka karibu 19.9. Kifaa kinanyamaza. Inabidi gesi kaboniki ifike karibu asilimia 7 ndipo oksijeni ishuke chini ya 19.5 na kelele ianze. Lakini kwenye usalama wa kazi, gesi kaboniki ya asilimia 4 tayari inahesabiwa kuwa hatari ya haraka kwa uhai, na kwenye asilimia 10 mutu anaweza kupoteza fahamu kwa muda mufupi sana.

Kwa hiyo, hata kipima kilichosawazishwa vizuri kabisa kinachelewa kama hakina kihisi cha gesi kaboniki. Anayefanya kazi kwenye mashimo ya maeneo ya volkano, ao ndani ya matangi ambamo pombe inachachia, aulize kwanza kama kifaa chake kinapima CO2 kwa mwanga wa infraredi. Kama hakipimi, sifuri zake hazisemi kitu juu ya gesi hiyo.

ZIWA KIVU NA KAZI INAYOKUJA

Chini kabisa ya Ziwa Kivu kuko akiba kubwa ya gesi iliyoyeyuka ndani ya maji: karibu kilometa za ujazo 300 za gesi kaboniki na karibu 60 za metani. Upande wa Rwanda, mutambo wa KivuWatt wa megawati 26, karibu na Karongi, unatumia metani hiyo kutoa umeme. Upande wa Congo, mwezi wa Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa bloku 3 za gesi ndani ya ziwa. Kazi hizo zikianza, vijana wa Goma, Minova na Kalehe watakuwa kati ya wanaotafutwa, na kipima gesi kitakuwa kwenye koti la kila mumoja wao.

Wakaaji wa kando ya ziwa wanajua pia sababu ya kuogopa. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika gesi kaboniki usiku na kuua watu karibu 1,700. Kipima cha mukononi hakizuii kitu cha namna ile. Kinalinda mutu mumoja kwenye kazi ya kila siku: karibu na bomba linalovuja, ndani ya chumba cha mashini, ndani ya tangi.

Kwenye gesi ya ziwa kuko mutego mwengine. Kihisi cha kawaida cha metani kinafanya kazi kwa kuichoma. Ndani yake kuko shanga mbili ndogo zinazopashwa moto kwa umeme. Gesi inawaka juu ya moja, inapata moto zaidi kuliko mwenzake, na kifaa kinasoma tofauti. Lakini kuwaka kunaomba oksijeni. Mahali ambapo gesi kaboniki imefukuza oksijeni, metani inaweza kuwa nyingi na kifaa kikaonyesha kidogo. Njo maana oksijeni inasomwa kwanza, na njo maana mahali pa namna ile kihisi cha infraredi, ambacho hakiombi oksijeni, kinafaa zaidi.

NAMNA KIHISI KINAVYOKUFA BILA KELELE

Kihisi, ile ambayo mafundi wanaita kapteri, hakifi kama ampuli. Kifaa kinawaka, bateri imejaa, kioo kinaonyesha namba, kidude kinapiga "tii" kama kawaida. Ni ndani njo kumekufa.

Kihisi cha gesi zinazowaka kinapewa sumu na silikoni. Silikoni iko ndani ya dawa za kung'arisha matairi na dashibodi, ndani ya gundi za madirisha, ndani ya grisi nyingine na hata ndani ya mafuta mengine ya mikono. Kifaa kikilala ndani ya gari pamoja na kopo la dawa ya namna ile, kinaweza kuharibika taratibu. Risasi na gesi za salfa zinakiharibu pia. Kikishapata sumu, kinaweza kusoma sifuri hata ndani ya gesi.

Vihisi vya CO na H2S vinafanana na bateri ndogo: ndani yake kuko maji ya kemikali yanayokauka na kuzeeka. Kwa kawaida vinadumu miaka miwili ao mitatu, hata kama kifaa kimelala ndani ya kartoni. Mutu anayenunua kifaa cha okazio anapaswa kuuliza tarehe ya kihisi, si hali ya kasha.

Kihisi cha oksijeni kiko tofauti kidogo. Mara nyingi kikizeeka kinasoma chini, na kelele inapigwa. Hicho kinasumbua, lakini hakifichi. Vile vingine vinafia kwenye sifuri, na sifuri njo namba ambayo kila mutu anaipenda.

Mwisho, kuko matope na vumbi. Kipima kilichoshushwa ndani ya shimo wakati wa mvua kinaweza kuzibika kwenye filta. Kihisi kiko mzima, lakini gesi haiwezi kukifikia.

MAJARIBIO MATATU YASICHANGANYWE

Kuweka sifuri. Ni kuambia kifaa: "Hapa hewa ni safi, anzia hapa." Inafanyika inje, kwenye hewa ambayo ni safi kweli.

Jaribio fupi. Ni kupulizia kifaa gesi ya chupa kwa sekunde chache ili kuona kama kila kihisi kinaitika na kama kelele inapigwa. Linafanyika kila siku, mbele ya kazi. Ni kazi ya dakika moja ao mbili.

Kusawazisha kamili. Ni kuacha gesi ipite mpaka namba itulie, kisha kufanya kifaa kisome sawasawa na chupa. Kitabu cha mutengenezaji kinaonyesha muda. Wengi wanaomba isipite miezi sita, na wengine wanaomba mapema zaidi. Inafanyika pia kila mara kifaa kikianguka kwa nguvu, kikiloweshwa ndani ya maji, kikipigwa na gesi nyingi kupita kiasi, kikibadilishwa kihisi, ao kikishindwa jaribio fupi.

HATUA KWA HATUA

1. Mahali. Kazi ifanyike inje ao kwenye chumba chenye madirisha makubwa yaliyofunguliwa, mbali na grupu, pikipiki zinazowaka na jiko la makala. Hakuna kuvuta sigara. Katika maeneo ya mazuku, mahali pawe pa juu, si ndani ya bonde, na asubuhi jua likishapanda. Anayeweka sifuri ya gesi kaboniki ndani ya bonde lenye gesi anafundisha kifaa chake kuita sumu hewa safi.

2. Macho. Angalia kama kasha limepasuka, kama filta ni safi, kama bateri imejaa, kama tarehe ya kihisi haijapita. Bateri ibadilishwe mahali salama. Hakuna kufungua kifaa pale penye gesi inayoweza kulipuka, hata kama kina alama ya Ex.

3. Chupa. Soma karatasi yake. Muchanganyiko unaopatikana sana ni metani asilimia 2.5, oksijeni asilimia 18, CO 100 ppm na H2S 25 ppm, na inayobaki ni azoti. Namba za chupa zifanane na zile zilizoingizwa ndani ya kifaa. Metani asilimia 2.5 inasomwa 50 kwenye LEL kama kifaa kinahesabu mulipuko kuanzia asilimia 5. Vifaa vingine vinahesabu kuanzia 4.4, na hapo namba inakuwa karibu 57. Tarehe ya mwisho ya chupa ikipita, haifai tena kuwa jiwe la kilo.

4. Kuwasha. Washa kifaa, ngoja mpaka kimalize kujipima na namba zitulie.

5. Sifuri. Kifaa kiwekwe sifuri kwenye hewa safi. Oksijeni isome 20.9.

6. Kuunganisha. Funga kirekebishi kwenye chupa. Vifaa vingi vinaomba nusu lita ya gesi kwa dakika. Mupira uwe mufupi, na uwe ule uliotoka kwa mutengenezaji: mipira mingine inanyonya H2S, na kihisi kinapokea kidogo kuliko kilichotoka kwenye chupa.

7. Kusoma mbele ya kurekebisha. Fungua, ngoja dakika moja ao mbili mpaka namba zitulie, na uziandike kama zilivyo. Hatua hii inarukwa sana, na ni ya lazima. Kama chupa ni 100 na kifaa kinasoma 50, siku zote zilizopita wafanyakazi walipoona 35 walikuwa ndani ya 70. Inabidi kujua nani alifanya kazi wapi.

8. Kurekebisha. Acha kifaa kijisawazishe. Kikikataa, jaribu mara moja tena baada ya kuangalia mupira, filta na chupa. Kikikataa tena, kihisi kimekufa. Kifaa kiondolewe kazini siku ileile, na kiandikwe alama ili mwengine asikichukue.

9. Kurudi. Funga chupa, toa mupira, ngoja mpaka gesi zirudi kwenye sifuri na oksijeni kwenye 20.9.

10. Kuandika. Tarehe, namba ya kifaa, namba ya chupa, kilichosomwa mbele na kilichosomwa nyuma, jina la aliyefanya.

MUJI WA JUU, HEWA NYEPESI

Vifaa vingi vinafika mashariki ya Congo kupitia bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam. Pale vinakuwa kwenye usawa wa bahari. Goma na Bukavu ziko zaidi ya meta 1,450 juu ya bahari, na nguvu ya hewa imepungua karibu sehemu moja ya sita. Asilimia ya oksijeni ni ileile, 20.9, lakini aina fulani za vihisi zinafuata nguvu ya hewa, si asilimia. Kihisi cha namna ile, kikisawazishwa pwani, kinaweza kusoma karibu 17.5 ndani ya hewa nzuri ya Goma.

Matokeo ni kelele isiyoisha. Mufanyakazi anachoka, anaizima, ao anazoea kuisikia. Siku kelele ya kweli inakuja, hakuna anayeshtuka. Dawa ni ndogo: kusawazisha hapahapa, kwenye kimo cha mahali pa kazi, si kutegemea karatasi iliyotoka na kifaa. Vihisi vya infraredi pia vinaguswa na kimo, na vingine viko na mahali pa kuingiza namba ya meta.

BRIKE, MOSHI NA PUMZI: MAJARIBIO YASIYOFAA

Fundi mwengine anachukua brike, anaachia gesi bila kuwasha, kifaa kinalia, naye anasema kimejaribiwa. Gesi ya brike inatoka nyingi kupita kipimo cha kifaa, na inaweza kuharibu kihisi kilekile alichotaka kuhakikisha. Tena haisemi kiasi gani. Ni kama kuruka juu ya balansi ili kuona kama mushale unatembea.

Wengine wanaweka kifaa kwenye bomba la moshi la grupu ao la pikipiki. Moshi una CO, ni kweli, lakini kipimo chake hakijulikani, masizi yanaziba filta, na anayeshika kifaa anavuta moshi uleule.

Kupulizia kwa mudomo ni jambo lisilo na hatari, na linaonyesha kidogo. Pumzi ya mutu iko na gesi kaboniki karibu asilimia 4 na oksijeni karibu asilimia 16 ao 17, kwa hiyo vihisi vya CO2 na oksijeni vitatikisika. Lakini haithibitishi namba, na haisemi kitu juu ya CO, H2S ao metani.

USALAMA WA ANAYESAWAZISHA

Chupa ni ndogo, lakini ndani yake gesi imesukumwa kwa nguvu. Haiachwi ndani ya gari kwenye jua, haipigwi, haitupwi kwenye moto. Chupa za kutumia mara moja hazijazwi tena, hata kama fundi wa karibu anasema anaweza. Ikiisha, inafunguliwa inje mpaka nguvu yote itoke, kisha inaondolewa.

Sehemu kubwa ya chupa ni azoti, ambayo haina oksijeni. Ikivuja ndani ya kabati ao chumba kidogo kilichofungwa inapunguza hewa ya kupumua. H2S iliyo ndani yake ni kidogo, lakini hakuna sababu ya kuinusa ili "kuhakikisha". Wanaofanya vifaa vingi siku moja watoe hewa iliyotumika inje kwa mupira, isibaki chumbani.

Kwenye ndege, chupa ya gesi inahesabiwa kuwa muzigo wa hatari: inapaswa kutangazwa, haifichwi kwenye sanduku la nguo. Kwa hiyo inaagizwa mapema. Lakini kuagiza akiba ya miaka mingi si akili, kwa sababu chupa zenye H2S haziishi muda murefu.

BEI NA NAMNA YA KUSHIRIKIANA

Wakubwa wengi wanasema chupa ni ghali. Hesabu inasaidia. Chupa ya lita 58, kwa nusu lita kwa dakika, inatoa gesi kwa dakika 116. Kama jaribio fupi linachukua sekunde 30, hayo ni majaribio zaidi ya 200. Koperative moja ya wachimbaji, ao ma-PDG wa mashimo yanayofuatana, wanaweza kununua chupa moja na kirekebishi kimoja, na kumufundisha mutu mumoja ao wawili wanaojaribu vifaa vya wote kila asubuhi.

Na kama chupa haipatikani? Jibu halipendezi: kifaa hakijulikani kama kinasema kweli, kwa hiyo hakiwezi kumuruhusu mutu kushuka. Motopompi na grupu zibaki juu, hewa isukumwe ndani ya shimo, na mahali panaposhukiwa pasiingiwe.

Sheria ya kazi ya Congo ya mwaka 2002 inamuwekea mwajiri jukumu la kulinda afya na usalama wa wafanyakazi. Kusawazisha kipima ni sehemu ya jukumu hilo, haiko zawadi. Mufanyakazi anayeomba kuona karatasi ya kusawazisha mbele ya kushuka hafanyi ukaidi.

KELELE IKIPIGWA, AO MUTU AKIANGUKA

Kelele ikipigwa, watu wanatoka kwanza, maswali yanafuata. Hakuna kubaki ili kuona kama namba itashuka. Na mutu akianguka ndani ya fosi, tangi ao mazuku, hakuna kuruka kumufuata. Mara nyingi wanaokufa ni wengi kwa sababu ndugu na wafanyakazi wenzake wanashuka mumoja nyuma ya mwengine. Ni wale wenye kifaa cha kupumulia hewa safi tu ndio wanaingia. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Aliyefungwa kamba mbele ya kushuka anaweza kuvutwa toka juu, njo maana kamba inafungwa mapema.

MASWALI YANAYORUDI MARA NYINGI

Kifaa ni kipya, kwa nini kijaribiwe? Kwa sababu kimesafiri, kimetikiswa, na hakuna anayejua kimelala dipo muda gani.

Kinasoma CO karibu na mahali pa kuchaji bateri, lakini hakuna moto. Ni uongo? Bateri za gari zikichajiwa zinatoa hidrojeni, na vihisi vingi vya CO vinaidanganyikia. Lakini hidrojeni nayo inalipuka. Fungueni madirisha, kisha tafuteni sababu.

Mutu mumoja ameshuka na kipima na hakuna kilichotokea. Wengine wafuate? Shimo moja linaweza kuwa na hewa nzuri juu na mbaya chini. Hewa inapimwa juu, katikati na chini, na kipima kinabaki na watu muda wote wa kazi.

Swali gani moja mutu asiye fundi anaweza kuuliza? Hili: "Kifaa hiki kilijaribiwa lini, na gesi gani?" Anayekisimamia akijibu kwa tarehe na kuonyesha karatasi, sifuri yake iko na maana. Akijibu "Kiko mzima, angalia kinawaka", shimo lingoje.